Jina Chini ya Dirisha

Saa kumi alfajiri, Minot,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Kope zinagandana. Spana inang'ata glavu.
Baridi ya hapa haipigi hodi:
inaingia, inavua viatu, inajikalia mifupani
kama shemeji aliyesema anakuja kwa wiki moja.

Ndege yangu (nasema yangu, mtanielewa)
ilitoka kiwandani kabla mama hajazaliwa.
Injini nane, kila moja na tabia yake.
Ya tatu hukohoa. Ya saba huvuja ikinuna.
Najua lini zinaumwa na lini zinadeka.
Ubavuni, chini ya dirisha la rubani,
wameandika kwa rangi nyeupe KAPTENI R. WHITLOCK,
na chini yake, herufi ndogo kidogo,
SAJINI M. TOLLEFSON.
Huyo ni mimi.
Miaka sita jina langu linavuka bahari,
mwenyewe nimebaki na ufagio wa theluji.

Shahada niliisomea usiku kwenye chumba cha kufulia,
nimekaa juu ya mashine ya kukaushia
kwa kuwa ndiko kulikokuwa na joto.
Hesabu za mwendo na mvutano
zinaninukia sabuni hadi leo.
Mtihani wa marubani nimeufanya mara mbili.
Ile ya kwanza sitaki kuizungumzia.
Daktari wa macho alinionyesha mstari wa mwisho;
nikausoma.
Akasema, sasa kinyumenyume;
nikausoma.
Kisha wakanipima nikiwa nimeketi,
toka kitini hadi utosini,
kama mlango unaotafutiwa fremu.
Umri: zimebaki siku mia moja na kumi na mbili
kabla sheria haijaniita mzee.

Kantini wananiita Bi Rubani,
wananipisha kwenye foleni ya kahawa,
wananipigia saluti na vijiko.
Mzaha mzaha hutumbuka usaha;
wangu umetumbuka fomu, kurasa arobaini.

Dusek hacheki.
Ndiye aliyenifundisha kukaza nati gizani,
kwa kidole, bila kuangalia.
"Ukienda," alisema, "nani ataisikiliza namba tatu?"
Alikuwa anatania. Hakuwa anatania.
Nikamwomba tochi, naye akanipa,
ingawa yangu ilikuwa inawaka.

Kanali Prewitt alizisoma zote, kalamu ikiwa hewani.
"Kwa nini unataka kuruka?"
Jibu nilikuwa nalo. Nililifanyia mazoezi garini
wiki nzima; lilikuwa na wajibu ndani yake,
lilikuwa na uongozi.
Nikasema: "Afande, kila ikirudi naigusa tumboni.
Inakuwa bado na baridi ya huko juu.
Siyo hii yetu. Ni nyingine, kavu, haina harufu.
Nataka kujua inaitoa wapi."
Akanyamaza.
Nje, trekta la theluji likapita, likarudi.
Akaandika kitu, ama sahihi, ama tarehe tu;
nilikuwa nimeikodolea macho kalamu, si karatasi.

Majina yatatoka mwezi wa tatu.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro.
Whitlock amepanda, ameligonga dirisha mara mbili
kama mtu anayeaga jirani.
Nasimama mbele, fimbo mbili za taa mikononi.
Nainua, nashusha, navuta hewa kuelekea kifuani,
na tani mia mbili za chuma zinanifuata
kama ng'ombe anayemjua mchungaji.
Kushoto. Kushoto tena. Nyoosha.
Napiga saluti, naye anairudisha,
kisha ananigeuzia mkia.

Ngurumo inaisha polepole.
Theluji iliyotimuliwa inarudi mahali pake.
Naokota vizuizi vya magurudumu, kimoja kila mkono,
ni vizito vilevile kama jana.

Namba tatu imekohoa mara moja tu.
Nitamwambia Dusek.